Mkuu wetu anasema Kifaransa ni pambo tu

Shikamoo Bi Mwalimu,

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Malindi, nimeajiriwa na TSC, tume ya kuajiri walimu, na masomo yangu ni Kifaransa na Kiswahili. Huu ni mwaka wangu wa sita katika shule hii. Nilipofika nilikuta wanafunzi watatu wa Kifaransa na kabati moja la vitabu. Sasa Kidato cha Nne wako kumi na mmoja na Kidato cha Tatu kumi na wanne. Najua si wengi. Lakini watoto hawa wanasoma, Bi Mwalimu. Kuna msichana wa Kidato cha Tatu, binti wa mvuvi, ambaye kila asubuhi hunisalimu getini kwa Kifaransa na kunieleza bahari ilivyokuwa usiku. Akikosa neno hulizunguka kwa maneno mengine mpaka nimwelewe. Neno la "nyavu" sikumfundisha mimi, alilisaka mwenyewe kwenye kamusi.

Mwaka jana tuliletewa mkuu mpya wa shule. Ni mtu mwadilifu. Hamgombezi mtu hadharani, vibarua wanalipwa kwa wakati, na vyoo vya wasichana vilivyotusumbua miaka mingi alivimaliza ndani ya muhula mmoja. Ndiyo maana jambo hili linaniuma zaidi. Januari, Gredi ya 10, wale wa kwanza wa mtaala mpya, ilipoingia, orodha ya masomo ya kuchagua ilitoka bila Kifaransa. Nilimfuata ofisini. Akaniambia kwa upole kabisa: "Mwalimu, hapa ni Malindi. Watalii wetu ni Waitaliano. Mtoto akitaka lugha ya kigeni ataipata ufuoni bila kulipa ada. Kifaransa ni pambo tu." Nikatoka kimya.

Wiki mbili zilizopita, kwenye mkutano wa walimu, tuligawiwa ratiba ya muhula wa pili. Kifaransa cha Kidato cha Tatu hakimo. Wanafunzi wale wahamie Biashara. Kidato cha Nne nao nikutane nao baada ya saa kumi jioni, anayetaka aje. Mimi nimeongezewa mikondo miwili ya Kiswahili kwa kuwa mwenzetu mmoja amehamishwa. Nilisimama bila kufikiri, nikasema: "Mkuu, hujaingia darasani kwangu hata siku moja. Utahukumuje lugha usiyoijua?" Watu wote wakanyamaza. Naibu akainamia karatasi zake. Mkuu alifunga faili, akasema twende kwenye ajenda inayofuata.

Usiku ule, bado nina hasira, niliandika kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa Kidato cha Tatu. Wazazi wawili wakampigia simu. Tangu hapo ni salamu tu kati yetu. Wiki iliyopita nikakuta kabati la Kifaransa limepelekwa maabara, na vitabu vyetu vimepangwa sakafuni katika stoo, kando ya magunia ya mahindi.

Kwa sasa nina vipindi ishirini kwa wiki: vinane vya Kifaransa na kumi na viwili vya Kiswahili. Mume wangu anasema niombe uhamisho. Mkuu wa idara ananiambia nikubali yaishe, Kiswahili ni changu, nitapungukiwa nini? Mimi nawaza kwenda kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo. Nishauri.

Mwalimu wa Kifaransa, Malindi

*

Marahaba, mwanangu.

Kabla sijakushauri, nikueleze ninapoongelea. Nilikuwa mkuu wa shule kwa miaka kumi na mmoja, mwanzo Lamu kisha bara, na Kifaransa nilikiondoa mimi mwenyewe katika shule moja. Kwa hiyo huyo mkuu wako namjua kwa ndani.

Mwaka wangu wa kwanza nilikwenda kukagua kipindi cha Kifaransa. Nikaketi nyuma, fomu ya ukaguzi magotini. Mwalimu aliandika sentensi tano ubaoni. Watoto wakacheka, sikujua wamechekea nini. Kijana mmoja akasahihishwa, sikujua alikosea wapi. Kwenye ile fomu pana mahali pa kusema kama mwalimu analimudu somo lake. Niliandika "vizuri" kwa sababu alikuwa nadhifu na sauti yake ilifika nyuma. Nilitoka pale nimetia sahihi jambo nisilolielewa, na sikurudi katika darasa lile kwa miaka mitatu. Ilipofika siku ya kupunguza vipindi, kalamu yangu ilianzia Kifaransa. Niliwaambia walimu kuwa ni upungufu wa wafanyakazi, na kweli ulikuwepo. Lakini Jiografia nayo ilikuwa na wanafunzi wachache mwaka ule na sikuigusa. Jiografia ningeweza kuifungua daftari nikaona kazi.

Usilolijua ni usiku wa giza, na hakuna mkuu anayependa kuonekana yumo gizani mbele ya walimu wake. Ulichomwambia kilikuwa kweli, tena kweli tupu. Ila ulimmulika tochi usoni mbele ya watu thelathini. Mtu akimulikwa hivyo hafungui macho, huyafumba.

Basi kazi ya kwanza ni radhi. Nenda ofisini kwake, usitume ujumbe wala kumpitia naibu. Sema: "Mkuu, nimekuja kuomba radhi kwa nilivyosema mkutanoni, na kwa kuwaandikia wazazi kabla ya kuzungumza nawe." Ishia hapo. Usitie "lakini", na siku hiyo usilitaje neno Kifaransa hata akikuchokoza kulitaja. Mwache alale na ile radhi siku mbili tatu.

Usidhani jambo hili ni la kwenu peke yenu. Kanada ina sheria tangu 1969 inayofanya Kiingereza na Kifaransa kuwa lugha rasmi za serikali ya taifa. Watoto wa shule za Kiingereza hufundishwa Kifaransa kama lugha ya pili, na katika jimbo la Ontario ni lazima kuanzia darasa la nne hadi la nane. Hata hivyo walimu wengi wa Kifaransa huko hawana chumba. Husukuma vitabu kwenye kigari, darasa hadi darasa, wakafundisha katikati ya chati za mwalimu mwingine. Kanuni ya jimbo imeweka somo kwenye ratiba, haikuweza kumwingiza mkuu darasani. Shule ambayo mkuu anaingia, anampa mwalimu chumba, anaitaja lugha ile mbele ya wazazi, somo linashika. Ile ambayo mkuu analiona ni la mwalimu wa kigari na watu wake, linanyauka. Kabati lako lililokwenda maabara na kile kigari ni ndugu. Kwa hiyo ukienda kwa mkurugenzi sasa, utakalopata likiwa zuri kabisa ni amri. Somo litarudi kwenye karatasi, na mkuu hatalitazama tena.

Sasa mazungumzo ya pili, yale ya Kifaransa chenyewe. Nenda na karatasi moja ya hesabu. Anza na shida yake, kwa sababu ni ya kweli: mikondo miwili ya Kiswahili haina mwalimu, na Kiswahili ni cha kila mwanafunzi. Mzazi wa mkondo ule akija kuuliza, hutaulizwa wewe, ataulizwa yeye. Una vipindi ishirini. TSC inapima mwalimu wa sekondari kwa vipindi 27 kwa wiki. Mkondo mmoja wa Kiswahili una vipindi sita, basi uchukue mkondo mmoja, ufikie ishirini na sita, na Kifaransa chako chote kibaki mchana. Utachoka, ndiyo. Mkondo wa pili haukutoshi hata kwa sheria, kwa hiyo wagawane wenzako wa idara au Bodi ya shule itafute mtu hadi mwisho wa mwaka. Kidato cha Nne wakimaliza, vipindi vinne vyako vinafunguka na unaweza kusaidia zaidi. Mkuu aliyezoea kuombwa akiona mwalimu amekuja na kitu mkononi, husikiliza kwa sikio jingine. Nalisema hili kwa kuwa katika miaka yangu kumi na mmoja walioingia ofisini kwangu hivyo nawahesabu kwa vidole.

Halafu mweleze habari ya wale kumi na wanne, na hapa usilegeze. Waliingia Kidato cha Kwanza 2024. Watafanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, 2027, na hiyo ndiyo ya mwisho ya mfumo wa zamani wa 8-4-4, nyuma yao hakuna darasa. Ukimtoa mtoto kwenye Kifaransa muhula wa pili wa Kidato cha Tatu ukamtia Biashara, anaanza ukurasa wa kwanza wakati wenzake wako nusu ya safari. Mkuu wako anaujali wastani wa shule, kama kila mkuu. Mkumbushe kuwa tangu KCSE ya 2023 gredi ya jumla inahesabiwa kwa Hisabati, lugha moja kati ya Kiingereza, Kiswahili au lugha ya ishara, kisha masomo matano aliyofanya vizuri zaidi. Kifaransa kinaweza kuwa mojawapo ya hayo matano. Binti wa mvuvi anayekueleza bahari kila asubuhi huenda akapata A yake humo, na mkuu anataka kumbadilishia A hiyo kwa somo ambalo hajalifungua kitabu. Weka alama zao za mihula miwili mezani, ziwe nzuri ziwe mbaya. Usifiche zile mbaya.

Kuhusu Waitaliano, hana makosa. Malindi imejaa Kiitaliano tangu siku za kituo cha anga cha San Marco kule Ngomeni, miaka ya 1960, na hoteli zikafuata. Usibishane naye hapo, itumie hoja yake. Andika ubaoni maneno ambayo watoto wa Malindi wanayasikia tangu wadogo: *latte*, *notte*, *otto*. Kando yake andika *lait*, *nuit*, *huit*. Maziwa, usiku, nane. Waulize watoto wanaona nini, na waache waligundue wenyewe kuwa pale Mwitaliano anapoweka "tt" Mfaransa anabaki na "it", na ile "t" ya mwisho haitamkwi katika *lait* na *nuit*, ila *huit* likisemwa peke yake hutamkwa. Mtoto wa Malindi anakuja darasani na nusu ya mlango umeshafunguliwa. Mtoto wa mji mwingine hana bahati hiyo.

Lakini lile la kusema mtoto atapata lugha ufuoni bila ada, hapo mimi nampinga mkuu wako kwa moyo wangu wote. Lugha ya ufuoni ni ya bei na ya kubembeleza. Haimfundishi mtoto kuandika barua wala kusoma mkataba. Na sisi watu wa pwani tunajua ufuo umewachukua watoto wangapi wa majirani zetu, wa kike na wa kiume, wakiwa bado na sare za shule. Mkuu wa shule asimtaje mtoto na ufuo katika sentensi moja isipokuwa kwa kuogelea. Naamini alisema bila kupima. Usimkumbushe, ila ujue kuwa darasa lako ni jibu la neno lile.

Akikuuliza Kifaransa kina kazi gani, usimpeleke Paris. Mpeleke karibu. Wangazija tumeoana nao pwani hii tangu mababu, lugha yao ni ndugu ya Kiswahili, na ofisi za Komoro zinaandika Kifaransa. Burundi na Rwanda zimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, Kongo imeingia 2022, na mizigo ya mashariki ya Kongo inapita bandari ya Mombasa. Kijana wa Malindi atakayeajiriwa na wakala wa mizigo Mombasa, akaweza kuisoma hati ya Kifaransa na kumpigia simu tajiri wa Bukavu kwa Kiswahili, huyo hatakaa bure. Tena wakuu wa nchi wa Jumuiya walikubali 2021 kuwa Kifaransa kiwe lugha rasmi pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Hayo yanatosha, usimchoshe.

Mwisho wa mazungumzo hayo mwalike darasani. Kwangu mimi hili ndilo lenye uzito kuliko yote niliyoyataja, na ndilo mwalimu wangu wa Kifaransa hakulifanya, nami sikumpa nafasi. Mwandalie andalio la somo kwa Kiswahili, ukurasa mmoja: leo watajifunza nini, kosa gani wengi hufanya, na aangalie nini ili ajue wameelewa. Usimkalishe nyuma, mweke ubavuni mwa mwanafunzi. Mpe mwanafunzi huyo kazi ya kumnong'oneza mkuu kwa Kiswahili kinachoendelea. Wakicheka, ajue wamechekea nini. Kisha binti wa mvuvi asimame aseme habari za bahari, dakika mbili, na mwingine azifasiri sentensi moja moja. Umfundishe mkuu salamu moja tu, kabla hajaingia, mkiwa wawili tu njiani, asije akajikwaa mbele ya watoto. Nakuhakikishia akitoka pale ataijaza fomu yake kwa maneno yake mwenyewe.

Wazazi nao wana nafasi yao, ila waingie kwa mlango. Mwaka 1965 huko Saint-Lambert, karibu na Montreal, wazazi wanaosema Kiingereza waliishika bodi ya shule iliyokuwa na shaka, mpaka ikafungua darasa la chekechea ambamo watoto wao wangefundishwa kwa Kifaransa. Njia ile baadaye ikaenea Kanada nzima. Walikwenda mezani kwa bodi, kwa majina yao. Wazazi wako wakitaka kusema, waandike barua kwa Bodi kupitia kwa mkuu, waitie sahihi, na mkuu aijue kabla haijafika. Lile kundi la WhatsApp usiandike tena humo jambo la kazi.

Gredi ya 10 ya mwaka huu imekwenda. Wameshachagua masomo yao matatu na hakuna faida ya kuwavuruga. Omba chama cha Kifaransa, alasiri moja kwa wiki, wazi kwa Gredi ya 10, na shairi moja la Kifaransa kwa tamasha la muziki la muhula wa pili. Mkuu akiona watoto wa shule yake jukwaani, na jina la shule likitangazwa, orodha ya masomo ya 2027 itazungumzwa kwa sauti nyingine. Alliance Française iko Mombasa, waandikie uwaulize vitabu na mgeni wa siku moja, barua ipitie kwake pia.

Uhamisho usiombe. Wale kumi na wanne hawawezi kuhama nawe. Na akikataa yote, akisikiliza na kuingia darasani na bado akikataa, basi ng'ang'ania jambo moja tu, Kidato cha Tatu wamalize 2027. Hilo ukinyimwa, hapo nenda kwa mkurugenzi, ukiwa umemwambia mkuu kwa mdomo wako kuwa unakwenda na siku unayokwenda.

Vitabu vya stoo usivingojee mazungumzo yoyote. Kesho asubuhi mwombe mtunza stoo mbao mbili na matofali manne, uviinue kutoka sakafuni na uvitenge na yale magunia. Masika imefika, na unyevu wa sakafu ya simenti hupanda kwenye karatasi ndani ya wiki moja. Vihesabu, idadi iandikwe kwenye daftari la stoo, nanyi wawili mtie sahihi.